HEMA LA KUPANDIA MLIMA ELGON

Likizo ya Desemba ikikaribia, skauti wengi huanza kuulizana habari za kupanda Mlima Elgon. Kila mtu anataka kujua viatu gani na chakula gani, lakini hema watu huchukua lolote tu, ati bora liwe na rangi nzuri. Hilo ndilo nataka tuzungumzie.

Mlima huu tunauona kila siku, sisi wa Kitale na wenzetu wa Bungoma, basi tunauchukulia kama jirani. Kumbe jirani mwenyewe ni mkali! Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Kilele cha Koitobos, upande wetu wa Kenya, kina mita 4,222. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Piga hesabu: kule juu kuna baridi kuliko Kitale kwa karibu nyuzi 14, na kuliko Bungoma kwa nyuzi 17. Mtu akirowa usiku mahali kama hapo, mwili hupoteza joto upesi. Hutetemeka, huanza kuropoka, kisha kutetemeka huisha. Usidhani amepata nafuu. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, maana mtu hufa hivyo hivyo.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya hema ni kukuweka mkavu. Na maji, ndugu msomaji, huja kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka chini na kutoka ndani.

Tuanze na juu. Hema la mlimani liwe na matabaka mawili, na tabaka la nje lishuke hadi karibu na ardhi. Yapo mahema ambayo kifuniko chake ni kama kofia tu kichwani. Hayo ni ya joto la pwani, si ya Elgon. Soma pia kibandiko chake. Ukiona milimita 1,500, maana yake ni kwamba kitambaa kilipimwa kwa kusimamishiwa maji ya kimo hicho ndipo yakaanza kupenya. Kifuniko kisipungue hapo. Sakafu ipite, hata 3,000, kwa sababu tunaikandamiza kwa magoti. Halafu kagua mishono: iwe imebandikwa utepe kwa ndani, maana kila tundu la sindano ni mlango wa mvua.

Njia ya pili ni chini. Sakafu nzuri imeshonwa kama beseni, kitambaa kikipanda kidogo ukutani kabla ya kukutana na mshono. Ukitandika karatasi ya nailoni chini ya hema, usiiache ichomoze nje, kwani itakinga mvua na kukuletea maji mgongoni. Wala usipige kambi bondeni au kwenye njia ya wanyama. Ndovu wa Elgon huenda usiku kuchimba chumvi katika mapango kama Kitum, nao hawajui kuzunguka hema la mtu. Lala pale askari wa mbuga walipokuonyesha.

Ya tatu ndiyo watu husahau: maji ya ndani. Ukilala, pumzi yako hutoa mvuke, na ule mvuke ukigusa kitambaa baridi hugeuka matone. Asubuhi unasikia mtu akilia, "Hema linavuja!" Kwani mvua ilinyesha? Ni pumzi zenu. Hema liwe na madirisha ya chandarua juu, na nafasi ya hewa kupita katikati ya matabaka. Msizibe kila tundu kwa kuogopa baridi. Na jiko la makaa lisiingie hemani hata kidogo, hata kama makaa yamebaki machache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wanaoivuta hulala wasiamke.

Sasa uzito. Mzigo wa mgongoni usizidi robo ya uzito wako. Mwenye kilo 52 abebe 13 basi, pamoja na maji na chakula. Hema la nailoni la watu wawili lina kama kilo 3. Mmoja abebe kitambaa, mwenzake fito na vigingi. Lakini muuzaji akisema ni la watu wanne, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Amehesabu watu waliobanana bega kwa bega bila mikoba. Toa mmoja.

Je, yale maturubai mazito ya zamani tuyatupe? La! Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyuzi za pamba zikirowa hufura na kuziba matundu, ila usiguse turubai kwa ndani likiwa limerowa, maana pale ulipogusa patapenyeza maji. Ni hema zuri la kambi inayofikiwa na gari, kama karibu na lango la Chorlim. Kulibeba hadi Koitobos ni mateso.

Mkinunua la mtumba, lisimamisheni kwanza. Mmoja aingie ndani mchana atazame kama kuna vitundu vya mwanga, wengine wamwage ndoo mbili tatu za maji juu yake. Utando wa ndani ukinata vidoleni na kubanduka, rudisheni, halitengenezeki. Zipu ngumu isuguliwe mshumaa. Vigingi vikikosekana, misumari ya inchi sita inafaa.

Basi kabla ya kulipa, ulizeni maswali matatu: juu je, chini je, ndani je? Likishinda hayo, hata liwe na rangi mbaya namna gani, libebeni twende. Nawatakia likizo njema na safari kavu.