Mjinga, Mpumbavu na Lofa

Agosti 2015, kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM pale Jangwani, rais wa zamani Benjamin Mkapa aliwaita wapumbavu na malofa wapinzani waliodai kuwakomboa Watanzania. Nchi ikachachamaa. Wengi walijadili ukali wa maneno yale, wachache wakagusa maana yake.

Mpumbavu anajua, ila hapimi. Lofa ni habari nyingine kabisa: kwetu ni fukara asiye na kazi wala kipato. Hilo ni tusi la mfuko, halihusu akili, na kuyafunga mawili hayo pamoja kunamfanya maskini aonekane amekosa busara.

Neno jingine la jamii hiyo ni mjinga, na ndiye anayeonewa zaidi. Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, alieleza kuwa mjinga ni mgeni mpya, hasa mtumwa aliyefikishwa pwani karibuni. Hajui lugha ya mji, hajui njia wala desturi, lakini kwao alikuwa mtu mzima mwenye shamba na neno barazani. Ujinga wa namna hiyo una mwisho; ndiyo maana baada ya uhuru tukaendesha kisomo cha watu wazima na kuita kazi hiyo kufuta ujinga. Kufuta upumbavu hatujawahi kusikia.

Sasa panda Newala, mkoani Mtwara, mwezi wa saba, tuyapime maneno haya. Mkulima ana mgonjwa ndani, na mnada wa korosho haufunguliwi mpaka Oktoba. Anauza kangomba: mnunuzi wa nje ya mfumo wa mnada anachukua korosho zingali mtini, kwa bei ya kutupa. Majirani wanasema, "Mpumbavu huyo." Mimi nakataa. Muulize bei ya mnada wa mwaka jana, atakutajia bila kusita, kwa hiyo si mjinga. Na amepima: dawa leo, au shilingi nyingi zaidi miezi mitatu ijayo. Amebanwa, basi. Semina ya madhara ya kangomba inamfundisha anachokijua tayari. Chama cha msingi cha ushirika kikiweza kumkopesha Julai na kukata deni kwenye malipo ya mnada, mnunuzi wa kangomba atakuta mlango umefungwa.