Kufukua Mahali pa Kale Kabla ya Kujenga

Kitenzi "kufukua" ni kinyume cha "kufukia": anayefukua hutazamia kukuta kilichofunikwa. "Kuchimba" hakuna sharti hilo. Tofauti hiyo ndiyo imtengayo mtaalamu wa mambo ya kale na fundi wa msingi wa nyumba, ingawa huenda wote wakashika sululu.

Mfano mzuri uko Mlambalasi, kiasi cha kilometa 50 magharibi ya mji wa Iringa, alikojiua Mtwa Mkwawa mwaka 1898 na lilipo kaburi lake. Karibu na hapo pana mwamba uliojiinamia ukafanya kivuli mithili ya pango. Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alifukua shimo la majaribio mwaka 2002; wakafuata Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake, mwaka 2006 na 2010. Tabaka za juu zilikuwa na vigae na chuma. Chini yake zilionekana zana ndogo za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliokufa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Udongo hutolewa kwa mwiko, sentimita chache chache, ukapitishwa katika chekeche, na kina cha kila kitu kikaandikwa. Taabu hiyo si ya bure. Shanga iliyotolewa mahali pake bila kuandikwa huwa shanga tu. Haijulikani tena kama ilikuwa ya wafua chuma au ya wachonga mawe. Aidha, wa baadaye wachimbapo kaburi hutoboa tabaka za waliowatangulia. Doa la udongo wa rangi nyingine ndilo shahidi pekee wa jambo hilo, na jembe moja hulifuta.

Huko Isimila, kando ya njia ya Iringa kwenda Mbeya, mvua ndiyo iliyofukua: mashoka ya mawe yalitambuliwa korongoni mwaka 1951, naye F. Clark Howell akafanya utafiti mwaka 1957 na 1958. Lakini ujenzi hauendi kwa mwendo wa mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yadai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Ajengaye nyumba yake mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Kwa maoni yetu hasara kubwa i hapo, hasa mahali kama bonde la Songwe, upande wa Mbeya, ambako zana za mawe zimeokotwa juu ya ardhi, pasipo hata shibiri moja ya udongo wa kuzikinga.