Neno la siri nalo ni amana

Zamani kila nyumba ya heshima ilikuwa na kasha, na kasha lilikuwa na ufunguo mmoja. Bibi mwenye nyumba aliufunga ufunguo huo katika pindo la leso yake, na asiyeufikia upindo ule hakuwa na njia ya kuzifikia hati za shamba wala vipuli vya dhahabu. Leo mali na hati zetu nyingi zimehamia katika simu na kompyuta, na ufunguo wake si chuma tena, bali ni neno au nambari inayokaa kichwani. Wataalamu wa lugha wameuita nywila. Wengi wetu twasema neno la siri.

Asili yake katika kompyuta si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenziwe walikuwa na kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi. Wakampa kila mtu neno lake, ili asiingie katika kazi ya mwenziwe. Hapa Kenya jambo hili lilienea kwa watu wa kila daraja hasa tangu Machi 2007, ilipoanza M-Pesa. Tangu hapo mvuvi, muuza mahamri na mwalimu wa chuoni, wote wana tarakimu nne za kuchunga. Kisha zikaja barua pepe, benki na huduma za serikali, na kila mlango wadai ufunguo wake.

Nimewauliza jamaa na majirani hapa Mombasa wanavyozikumbuka siri hizi, nikaona wamegawika mafungu. Wako wanaotumia mwaka wao wa kuzaliwa. Wako wanaotumia jina la kifungua mimba. Wako wanaoandika nyuma ya kalenda iliyotundikwa ukutani. Na wako wapendao 786, ambayo ni jumla ya herufi za Bismillahi kwa hesabu ya abjadi, wakaongeza tarakimu moja mbele au nyuma. Baraka ni baraka, lakini mwizi naye yawezekana amepita chuoni!

Tutazame hesabu. Tarakimu nne zaweza kupangwa kwa namna 10,000. Lakini ajuaye kwamba umetumia mwaka wa kuzaliwa, namna hizo humpungukia zikawa chini ya 100. Na akikutazama usoni akakisia umri wako, hubaki kama kumi tu. Aliyetumia 786 na tarakimu moja mbele au nyuma, namna zake ni 20 basi.

Wataalamu wenyewe nao wamegeuza kauli. Mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo uliowafanya watu wengi duniani walazimishwe kuchanganya herufi, tarakimu na alama, na kubadilisha neno lao kila baada ya muda. Watu walichoka, wakawa wanaongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni mwa neno lile lile. Mwaka 2017 Burr alikiri kuwa anaujutia ushauri huo, na taasisi hiyo ikatoa mwongozo mpya: urefu wa neno ni bora kuliko alama za ajabu ajabu, na hapana haja ya kulibadilisha ila ikiwa limevuja.

Hapo sisi watu wa pwani tuna mtaji. Sisi tuliohifadhi juzuu kwa sauti, na mashairi kwa vina na mizani, twajua kuwa akili hushika lenye mwendo na picha. Basi fumba macho uokote maneno manne yasiyohusiana, mathalan: ngalawa, kikuku, mvua, mchele. Ukiyaokota kwa bahati tu katika orodha ya maneno 1,000, kuna namna bilioni 1,000 za kuyapanga. Kisha yatungie kisa kichwani: ngalawa imevaa kikuku, inanyeshewa na mvua ya mchele. Hutasahau. Ila usichukue methali, jina la leso, aya wala shairi mashuhuri, kwani wezi nao wana orodha za misemo ijulikanayo. Wala usitumie mfano wangu huu, maana umekwisha kuchapwa gazetini.

Jingine ni kutotumia neno moja kwa milango yote. Likiibwa pahali pamoja, wezi hulijaribu kwengine kote. Mwenye milango mingi atumie programu ya kuhifadhi maneno ya siri, nayo ni kama kasha lile la kale: wakumbuka ufunguo mmoja madhubuti, mengine limeyafungia. Na mzee asiyeyaweza hayo, daftari lililofungiwa ndani ya kabati ni bora kuliko kumtajia siri yake wakala au kijana wa dukani. Nimewaona wazee wakitoa simu na nambari kwa pamoja mbele ya foleni nzima, na roho ikaniuma.

Mwisho liko la mirathi. Mtu akifariki, fedha zilizo katika simu yake hazimwi mali ya mwanawe ajuaye nambari. Humo mna gharama za maziko, madeni, wasia, kisha haki za warithi wote, hata binti aliye Doha asiyejua kilichomo. Anayezitoa kimya kimya usiku wa matanga amekula amana, hata akiwa amezitoa kwa ufunguo halali. Njia iko: warithi wachukue hati zinazotakiwa, na wakihitilafiana kuna Mahakama ya Kadhi.

Nasi tulio hai tuwapunguzie taabu. Katika wasia wako usiandike neno lako la siri. Andika una akaunti wapi, nani anakudai na nani unamdai. Neno lenyewe nenda nalo. Haki za watu ziache nyuma, zijulikane.