Tulinde chemchemi kabla ya ardhi kugawanywa

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lau wangaliyaona yanayotendeka katika miji yetu leo, nadhani wangaliongeza kuwa maji yakichafuliwa yangali ardhini hayasafishiki kwa wepesi.

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule moja ya msingi huko pwani ya kusini, tulikuwa na kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yalikuwa matamu, na majirani walikuja kuteka kila jioni. Kisha shamba lililopakana na shule likakatwa vipande na kuuzwa. Kila mnunuzi alijenga nyumba yake na kuchimba choo cha shimo palipomfaa. Baada ya miaka michache, wanafunzi wengi walikuwa wakiharisha, na mwalimu mkuu akalazimika kukifunga kisima kwa kifuniko cha saruji. Hakuna jirani aliyetenda hila. Kila mmoja alikuwa na hati yake, na alijenga ndani ya mipaka yake. Kilichokosekana ni kanuni ya kuamua, kabla ya ardhi kuuzwa, ni wapi choo kisichimbwe.

Tukio hilo lilinifunza jambo ambalo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari: maji ya ardhini hayajui mipaka ya ploti. Mara nyingi tunashauriwa kwamba choo kiwe umbali wa mita 30 kutoka kisimani. Shauri hilo ni jema, lakini matumbawe yana mianya mingi, na maji machafu hupita humo kwa kasi bila ya kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Aidha, visima vikizidi karibu na ufuo na maji yakavutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia mahali pa yale matamu. Kwa hivyo kipimo kimoja hakifai kila mahali; kila eneo lahitaji kanuni zinazolingana na mwamba wake.

Hebu tutazame mfano mkubwa zaidi. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likipeleka sehemu ya maji yake Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 220. Mgeni azionapo hudhani kwamba zi salama kwa kuwa zimezungukwa na mbuga. Lakini maji hayo hayaanzii hapo. Ni mvua inayonyesha juu ya Vilima vya Chyulu, ambavyo havina mto wa kudumu kwa sababu majivu na miamba ya volkeno huyanyonya maji. Maji hayo husafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita ndipo yatokeze Mzima. Mbuga ya Chyulu, iliyotangazwa mwaka wa 1983, inahifadhi sehemu tu ya vilima hivyo. Msitu ukikatwa au kuchomwa kwingineko, huenda atakayeumia ni mama wa Changamwe ambaye hajapata kuiona Chyulu.

Hapo ndipo penye tatizo. Vilima hivyo vimo katika kaunti za Makueni, Kajiado na Taita Taveta, ilhali mnywaji yuko Mombasa. Wenye chanzo hawaoni faida ya kujinyima, na wenye kiu hawana mamlaka. Hata hivyo, sheria zipo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019 inazipa kaunti uwezo wa kutoa au kukataa kibali cha ujenzi, na tena inaziruhusu kaunti kadhaa kuandaa mpango wa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba kanuni kama hizo zitamkandamiza mwenye shamba. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni haki: anayezuiwa kulima au kujenga penye chanzo afidiwe, na anayekunywa maji mbali achangie gharama hiyo.

Walimu wa Jiografia, wapelekeni wanafunzi wenu wakachore ramani ya maji ya kijiji chao: chemchemi iko wapi, visima vi vingapi, vyoo na vituo vya petroli viko upande gani. Kaunti inapowaalika wananchi kutoa maoni kuhusu mpango wa ardhi, ramani hiyo ipelekwe mezani. Itasikizwa kuliko malalamiko.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisima cha shule yetu kingali kimefunikwa, na wanafunzi wa leo hununua maji kwa mitungi.