Redio, Kijitabu na Mfafanuzi: Nafasi ya Lugha katika Ujifunzaji wa Mbali Kibiti na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza kwa nini somo lirushwalo redioni laweza kumfikia mwanafunzi masikioni lisimfikie akilini. Mfano wetu ni wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, pamoja na delta ya Mto Rufiji. Tarehe 17 Machi 2020, baada ya UVIKO-19 kuingia nchini, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari. Kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Katika kipindi hicho masomo yalirushwa kwa redio na televisheni.

Aghalabu mjadala wa jambo hili huishia kwenye vyombo: nani ana redio, nani ana umeme, nani ana intaneti. Swali hilo ni la msingi, hasa katika delta, ambako vijiji kadhaa hufikiwa kwa mtumbwi au mashua kupitia mikono ya mto na misitu ya mikoko. Hata hivyo, lipo pengo la pili, nalo ni la lugha. Chombo peke yake hakiwezi kuliziba.

2.0 Kazi ya Mwalimu Darasani

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili, hivyo somo la redio humjia kwa lugha anayoielewa. Katika sekondari, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1984, ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuimudu lugha hiyo kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Kinachookoa somo ni mwalimu kubadili msimbo: hutaja istilahi kwa Kiingereza, huifafanua kwa Kiswahili, huwatazama wanafunzi nyusoni, kisha hurudia palipo na shaka.

Tuchukue mada ya kujaa na kupwa kwa maji katika jiografia. Mtoto wa mvuvi wa delta anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo. Mwalimu aliye mbele yake anaweza kuiunganisha istilahi ya kitabuni na neno hilo la nyumbani. Redio inayosema Kiingereza haina uwezo huo, kwani haimwoni msikilizaji wala haiulizwi swali. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kusikiliza habari ya jambo analolijua asitambue kuwa analijua.

3.0 Funzo la Mwaka 1973

Tanzania ina tajiriba ya zamani katika uwanja huu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, na Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Kampeni hizo hazikutegemea redio pekee. Kila kikundi kilikuwa na matini iliyochapishwa kwa Kiswahili na kiongozi aliyeongoza mjadala baada ya kusikiliza. Kiongozi huyo ndiye aliyeshika nafasi ya mwalimu tuliyoieleza hapo juu.

4.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila somo la sekondari litolewalo kwa mbali liambatane na kijitabu chenye faharasa ya istilahi kwa Kiswahili na mifano ya mazingira ya wanafunzi. Pili, kila kijiji kiwe na mfafanuzi, kwa mfano kijana aliyemaliza kidato cha nne, atakayekutana na vikundi vidogo, mahali pa wazi ikiwa kuna maradhi ya kuambukiza.

Haja hiyo haikwisha pamoja na janga la 2020. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yalidhihirisha kwamba njia ya kwenda shuleni yaweza kukatika tena kwa sababu nyingine. Matayarisho ya lugha hufanywa shule zikiwa wazi; zikishafungwa, muda wa kuandika faharasa huwa umekwisha kupita.