Uvimbe wa Titi Uliochanganyika: Kipimo cha Maabara Kisiachwe

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Hata penye saratani, mara nyingi ni ile inayoanzia kwenye mirija ya maziwa. Lakini wapo akina mama wachache, chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, ambao uvimbe wao umechanganyika: sehemu moja ni saratani ya kawaida ya titi, na nyingine imegeuka ikafanana na ngozi, mfupa au gegedu. Wataalamu huuita karsinoma ya metaplastiki. Shirika la Afya Duniani liliutambua kuwa aina ya pekee mwaka 2000.

Dalili
Uvimbe huu hukua haraka na mara nyingi hugunduliwa ukiwa mkubwa. Kukosa matezi kwapani kusimtulize mgonjwa, maana unaweza kupitia kwenye damu na kufika mapafuni.

Vipimo
Kushika kwa mkono na picha ya ultrasaundi havitoshi. Sindano nayo huchota vipande vyembamba tu, hivyo inaweza kugusa sehemu moja na kuikosa nyingine. Kwa hiyo uvimbe wote uliotolewa kwa upasuaji upelekwe kwa mtaalamu wa patholojia, auchunguze sehemu mbalimbali. Uwekwe mapema katika formalini ya kutosha, kwenye chombo chenye mdomo mpana na jina la mgonjwa. Ukiachwa ukauke au uoze, majibu ya kuaminika hayapatikani.

Matibabu
Msingi ni upasuaji unaoondoa uvimbe wote pamoja na nyama nzima inayouzunguka, au titi zima. Mionzi na dawa za saratani za dripu hufuata kadiri daktari atakavyoona, ingawa dawa hizo mara nyingi hazifanyi kazi vizuri kama kwa saratani ya kawaida. Vidonge vya kuzuia homoni kwa kawaida havisaidii. Pasipo majibu sahihi, mama anaweza kuvimeza miaka mingi bila faida.

Kamati zifanye nini?
Tunapochangia matibabu, tusiishie kwenye gharama za upasuaji. Tutenge pia nauli na ada ya maabara. Tuhakikishe majibu yametolewa kwa maandishi, nakala inabaki kwa mgonjwa, na yupo mtu wa kumsindikiza siku ya kurudi kwa daktari. Upasuaji usiofuatwa na majibu ni kazi iliyoachwa nusu.