Ujumbe Ndani ya Ujumbe
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Kompyuta

Mara nyingi tunaulizwa sisi wa Chama cha Kompyuta, "Jumamosi mchana kutwa mnajifungia chumbani, mnafanya nini?" Leo nimeona vema niwaeleze jambo moja tu katika hayo, maana faida yake itabaki shuleni hata baada ya sisi wa Kidato cha Nne kwenda zetu.

Tazameni taarifa anayopelekewa mzazi kila mwisho wa muhula. Ndani mna jina la mwanafunzi na kidato chake. Mna habari za mzazi. Ndani ya habari hizo mna anwani. Na ndani ya anwani mna sanduku la posta na mji. Tena mna orodha ya masomo, na kila somo lina jina na alama zake. Basi taarifa hii ni kama kasha lenye visanduku, na visanduku vyenyewe vina visanduku vingine ndani.

Kompyuta moja ikitaka kuipelekea nyingine ujumbe wa namna hii, hapana budi zote mbili zikubaliane juu ya umbo lake. Njia mojawapo ni Protocol Buffers, iliyotungwa na kampuni ya Google kwa kazi zake yenyewe, kisha ikatolewa kwa watu wote mwaka 2008. Kwanza mtu huandika maelezo ya ujumbe, akaipa kila nafasi jina, aina na namba. Katika safari huenda namba, wala si jina; ndiyo sababu namba iliyokwisha tumika haifai kupewa nafasi nyingine. Namba 1 hadi 15 ndizo nafuu kuliko zote, kwani kila moja, pamoja na alama ya aina yake, hutosha katika baiti moja. Namba 19000 hadi 19999 zimewekwa akiba, haturuhusiwi kuzitumia.

Sasa, ni nani ajazaye nafasi hizo? Njia ya kawaida ni kuandika kila jambo kwa jina katika programu: weka jina, weka kidato, ingia kwa mzazi, ingia katika anwani, weka mji. Njia hii ni njema mpaka siku fomu itakapobadilika. Muhula huu walimu wataka namba ya simu ya mlezi, muhula ujao wataka mahudhurio. Kila mara lazima mtu aifungue programu na kuiandika upya. Je, aliyeiandika akiwa amekwisha maliza shule?

Hapo ndipo uakisi unapofaa. Maana yake ni kwamba programu, wakati ule ule inapofanya kazi, yaweza kujitazama kama mtu atazamavyo uso wake katika kioo. Fikira hii si ngeni. Brian Cantwell Smith aliieleza kwa kirefu katika tasnifu yake ya mwaka 1982 kwenye chuo cha MIT, Marekani. Katika Protocol Buffers kila aina ya ujumbe huchukua kielezo chake. Programu hukiuliza: Una nafasi inayoitwa hivi? Ni ya aina gani? Ni moja au ni orodha? Kama ni ujumbe mwingine, kielezo cha huo nacho ki wapi?

Kwa majibu hayo, kanuni tatu zatosha.

Kwanza, nafasi ikiwa ni ya kitu chepesi, kama neno au namba, weka thamani.

Pili, ikiwa ni ujumbe, ingia ndani na uanze tena kanuni hizi hizi. Katika Python hairuhusiwi kuuweka ujumbe wa ndani kwa alama ya usawa. Yafaa uuchukue ule uliomo uujaze.

Tatu, ikiwa ni orodha, ongeza kipya kimoja kwa kila kitu kilicholetwa, kisha ukijaze vivyo hivyo.

Kanuni hizo hazijui habari za mzazi wala za anwani, na kwa hiyo huweza kujaza ujumbe wowote, hata ukiwa na ngazi nyingi. Ila jihadharini: ujumbe waweza kuwa na nafasi ya aina yake wenyewe, kama mtu mwenye mzazi ambaye naye ni mtu. Programu ikikifuata kielezo peke yake, itaingia ndani isitoke. Basi iacheni ifuate data zilizoletwa, maana hizo zina mwisho. Kazi ya kielezo ni kuthibitisha.

Lakini hakuna kizuri kisicho na gharama. Uakisi huenda polepole kuliko njia ya kawaida. Tena, katika lugha kama Java, jina lililokosewa katika njia ya kawaida hugunduliwa kabla programu haijaanza. Kwa uakisi hugunduliwa programu ikiwa njiani. Mtu akiandika "anwni" badala ya "anwani", na programu ikaliruka neno hilo kimya kimya, karani hatajua, mwalimu hatajua, na mzazi hatapata barua. Kwa hiyo sharti letu ni hili: jina lisilojulikana na kielezo, programu isimame na ilitaje.

Ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, hii ndiyo kazi tunayowaachia. Walimu wakitaka nafasi mpya, ongezeni mstari mmoja katika maelezo, wenye namba isiyowahi kutumika, yatayarisheni upya, kisha ongezeni safu moja katika jedwali la karani. Zile kanuni tatu hazina haja ya kuguswa.